Ng'ombe Aliyegeuka Fono

Mama wa maziwa amekufa. Dereva wa lori la mboga linaloshuka kutoka Masisi alisimama mlangoni pangu asubuhi, injini ikiwa bado inanguruma barabarani, akaniambia bila kuzunguka: "Mwalimu, ule mama wa fono ameshakufa. Banamuzika kesho. Kama unaenda, panda sasa." Nilikuwa mezani, kalamu mkononi, nimeanza kuwaandikia wasomaji wangu makala niliyoagizwa na mkubwa wa gazeti kwa ajili ya sikukuu: mashauri kwa wenye fono na radio nyumbani, namna ya kufuta vumbi kwenye diski, mahali pa kuweka mashine ili sauti ienee chumbani, na nyimbo zipi zinafaa familia ya Kikristo siku ya Noeli. Nikaiacha karatasi pale pale. Mashauri hayo mtayapata kwa mtu mwingine. Mimi nimepanda lori, nimemzika yule mama, nimerudi na matope ya mlimani viatuni, na sina moyo wa kuandika juu ya jambo jingine.

Jina lake sitalitaja. Safu hii haina desturi ya kutaja majina, na mlimani kwetu hakuna aliyelitumia hata hivyo. Nilipotumwa Masisi kufundisha shule ya misioni, katika miaka ya vita vya Wazungu, nilimkuta tayari ni mjane mwenye watoto watatu na ng'ombe wachache, akipita kila asubuhi na kibuyu kichwani kupeleka maziwa kwenye nyumba ya mkoloni mwenye shamba la pareto. Alikuwa mrefu, mkavu, hacheki ovyo. Alikuwa na tabia ya kumtazama mtu machoni mpaka mtu huyo akumbuke kazi aliyoiacha nyumbani kwake. Mimi nilimwogopa kidogo, na sioni haya kusema hivyo, kwa kuwa hata padri alikuwa akipunguza mwendo akimwona anakuja.

Vita vilipokwisha, mkoloni yule na mke wake walifunga mizigo wakarudi kwao. Vitu vingine waliviuza, vingine waliwaachia watumishi. Mpishi wao, mtu wa Pinga, aliachiwa fono: kisanduku cheusi chenye mfuniko na mkono wa kuzungushia, pamoja na diski tano. Mpishi hakuwa na haja na muziki. Alikuwa na haja na mke. Alikuwa amempata msichana wa kwetu, na wakwe walikuwa wamemwambia kwamba mbuzi wa Pinga ni wazuri, lakini binti yao hatoki pale bila ng'ombe. Jamaa akashika kichwa. Mama wa maziwa alimsikia akilalamika pale jikoni, akaweka kibuyu chini, akamwuliza kama anamtaka mtamba wake mwekundu. Mpishi akadhani anataniwa. Kesho yake asubuhi mtamba alifika, amefungwa kamba mpya, na Mama wa maziwa akaondoka na kisanduku kichwani mahali pa kibuyu.

Mlima mzima ulisema mama amerukwa na akili. Mtu hutoa ng'ombe kwa ajili ya mke, au kumkomboa ndugu, au kumaliza ugomvi wa damu. Kutoa ng'ombe kwa kitu kinachopiga kelele, hilo halijawahi kusikika. Na tatizo halikuwa ng'ombe tu. Mtamba yule alizaliwa na ng'ombe aliyepewa na baba yake siku ya arusi, kwa hiyo yeye alisema ni wake. Shemeki yake, ndugu wa marehemu mume wake, alisema ng'ombe aliyezaliwa katika lupango, yaani boma la ukoo, ni wa lupango, awe ametoka kwa baba wa nani. Jambo lenyewe ndilo hilo, wasomaji wangu, na msilisahau mkisoma yanayofuata: je, mwanamke mjane anaweza kuwa na kitu chake mwenyewe, kitu ambacho hakuna shemeki wala mzee atakayekuja kukichukua?

Niliwahi kumwuliza kwa nini alilitaka lile sanduku. Nilimwuliza kwa sauti ya mwalimu, ile ya kujua jibu kabla mtu hajafungua kinywa. Akanijibu kwamba kwa miaka sita, kila asubuhi ya Noeli, alisimama kwenye mlango wa jikoni wa mkoloni na maziwa ya sikukuu, na kila mwaka fono ilikuwa inaimba mle ndani. Akishapokewa maziwa, mlango unafungwa. "Nilisikilizaka nusu," akasema. "Kila mwaka nusu. Wimbo iko inapanda, inapanda, pa, mulango. Nikasema siku moja nitasikiliza mpaka mwisho, na ni miye njo nitafunga mulango kama ninapenda." Nimesoma vitabu vingi tangu siku ile, na sijakutana na sababu iliyo bora kuliko hiyo ya kununua chochote.

Sasa nieleze kosa lake, maana alikosea, na alikosea vibaya. Msimu ule mvua zilinyesha mpaka ukungu ukaingia vitandani. Wiki chache kabla ya Noeli alifungua mfuko wa diski akakuta zimeota kuvu nyeupe. Wanawake wa nyumba za ng'ombe wanajua dawa moja tu ya chombo kilichoota kuvu: unakiosha, unakifukiza. Ndivyo wanavyotunza vyombo vya maziwa, vile vya mti wanavyoviita ibyansi. Hufukizwa kwa majani ya harufu juu ya makaa mpaka maziwa yatakayoingia humo yanukie. Basi akaziosha diski kwa maji, akachagua majani yake mazuri, akazipanga tatu zikiegemea mafiga, akatoka kukamua. Aliporudi, diski zilikuwa zimejikunja ukingo kama jani la ndizi lililopitishwa motoni. Alizibana katikati ya mbao mbili, akaweka jiwe juu, akaziacha juani siku mbili. Zilinyooka kiasi. Zikikaa kwenye mashine, sindano ilipanda na kushuka, na sauti ikapanda na kushuka pamoja nayo. Kwaya ya Wazungu iliyokuwa ikiimba wima kama askari sasa iliyumba kama watu wanaoteremka kilima chenye utelezi.

Shemeki yake alipopata habari hiyo alifurahi kuliko mtu aliyepata mapacha. Alikuja shuleni siku hiyo hiyo. Alitaka barua ya kupeleka kwenye baraza la mwami, chifu wetu, ili biashara ile ivunjwe, mpishi arudishe ng'ombe, na sanduku lirudi kwake kabla halijafa kabisa. "Andika vile, Mwalimu," akaniambia. "Ng'ombe ilizaliwa mu lupango yetu, ikakula majani ya mulima yetu. Sasa iko kwa mupishi, na sisi tunabaki na sanduku yenye kulia. Na hata kulia, haijue tena." Nikaandika. Nikaandika kwa hati yangu nzuri, ile niliyosifiwa nayo seminarini. Nami nikaongeza langu, ambalo hakuniomba: kwamba mjane huyo alitenda hayo "kwa upungufu wa akili ya mwanamke asiye na mtu wa kumwongoza." Maneno hayo yaliniridhisha sana wakati ule. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, na nilikuwa mjinga mwenye kalamu, ambaye ni mjinga wa hatari.

Siku ya Noeli, baada ya misa ya asubuhi, shemeki alikusanya wazee wanne waliokuwa wakinywa naye kasiksi, pombe ya ndizi, akanichukua na mimi na barua yangu, tukaenda nyumbani kwa Mama wa maziwa. Nia ilikuwa kumsomea barua, kumwogopesha, kuchukua sanduku bila kufika kwa mwami. Tulikuta uani kwake watu wengi kuliko tulivyotegemea: wanawake wanaolima ng'ambo ya kijito, wachungaji wa ng'ombe, wazee wawili wa kanisa, watoto chungu nzima, wote wameketi kimya juu ya majani ya ndizi, na fono katikati juu ya kiti. Wimbo ulikuwa umefika nusu. Shemeki akafungua kinywa. Mama wa maziwa akainua kidole kimoja, hakugeuza hata kichwa. Nasi watu sita wenye barua tukasimama mlangoni tukingoja wimbo uishe, na ulikuwa mrefu, tena wa kuyumba. Ulipoisha aliinua sindano mwenyewe, akasema, "Karibuni. Mwalimu, naona unabeba karatasi. Soma. Soma yote, usiruke."

Nikasoma. Nilipofika pale pa upungufu wa akili, sauti yangu ilipungua yenyewe. Akaniacha nimalize, kisha akauliza: "Ile neno ya akili, ni shemeki njo aliisema, ao ni weye?"

"Ni mimi, Mama," nikajibu.

"Aksanti kwa kusema kweli," akasema, na akaniacha hapo, jambo lililoniuma kuliko kama angenitukana. Akamgeukia shemeki. Yule mzee, kuona watu wanamtazama, akajikaza akasema kwamba mashine yenyewe imeharibika, kila mtu amesikia inavyolewa, basi mama anashikilia nini. Mama akamjibu, "Ng'ombe ikikupiga teke kwa kukamua, unaichinjaka? Ile diski niliiunguza miye, nitasikiliza vile iko."

"Lakini haizae," akasema shemeki. "Haikamuliwe. Ng'ombe ilikuwa inazaa."

Hapo ndipo aliposema yale ambayo mlimani kwetu watu wanayarudia mpaka leo. Hakupaza sauti. "Shemeki, ile kasiksi muko munakunywa tangu misa ilitoka, inazaa? Inakamuliwa? Ndizi ya mulima muzima imeingia mu mutungi, na hakuna mwenye aliandikia mwami barua. Furaha ya banaume munaita sikukuu. Ya kwangu munaita wazimu. Mwalimu, ongeza na ile mu barua, chini ya ile neno yako ya akili." Mzee mmoja kati ya wale wanne akakohoa kikohozi kirefu cha kuficha kicheko. Wanawake wa ng'ambo ya kijito hawakuficha chao.

Nikaomba wino. Nilipiga goti pale uani, karatasi juu ya kitabu changu cha sala, nikaongeza maneno yake yote kama alivyoyasema, bila kuyavika koti la Kiswahili cha shule, nikamkabidhi shemeki. Aliizungusha barua mkononi. Hakujua kusoma, lakini hakuwa mpumbavu: alijua kwamba karani wa mwami ataisoma kwa sauti mbele ya baraza, na kwamba baraza zima linakunywa kasiksi. Akaikunja, akaitia mfukoni, na barua ile haikufika popote. Mama wa maziwa alizungusha mkono wa fono, akaweka upande wa pili, akatuambia wenye kukaa wakae na wenye kwenda waende. Mimi nilikaa.

Tangu hapo Noeli kwake ikawa desturi. Sindano za chuma zilipokwisha, naye hakuwa na mahali pa kupata nyingine, alijifunza kuchonga sindano za mwanzi wa kule juu mlimani, zinazotoa sauti laini na kufaa upande mmoja tu wa diski. Akatoa amri: anayekuja kusikiliza aje na sindano yake aliyoichonga mwenyewe, na mwenye sindano ndiye anayechagua wimbo. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Wakulima walikuja na sindano, wachungaji walikuja na sindano, na mkulima aliyegombana na mchungaji juu ya ng'ombe walioingia kwenye maharage alilazimika kukaa akisikiliza wimbo aliouchagua mbaya wake mpaka mwisho, kwa sababu kwa mama yule hakuna aliyeruhusiwa kuinua sindano kabla wimbo haujaisha. Hata kuzungumza alikataza. Pande kumi tu, kisha mfuniko unafungwa. Alisema sikio nalo linashiba. Shemeki yake hakuingia, lakini kila Noeli alikumbuka kazi ya kutengeneza ua upande ule ule wa nyumba, na ua ule ulikuwa mzima kuliko ua wote wa Masisi. Nami nilipohamia mji wa ziwani nikausikia wimbo mmoja wa zile diski kwenye nyumba ya rafiki, katika diski iliyonyooka, niliona wameuimba vibaya. Haukuyumba mahali panapotakiwa.

Sasa ninajua yupo msomaji anayesema: hadithi nzuri, Mwalimu, lakini watu wa vijijini wanahitaji majembe, mabati na ada za shule kabla ya fono. Najua, kwa kuwa msomaji huyo nilikuwa mimi, na katika safu hii hii nimewahi kuwahubiria hivyo, kwa maneno mazuri. Nayafuta leo. Sisi tunaojiita tuliostaarabika, tulionunua radio za betri na kuziweka mezani na kitambaa cha kudarizi juu yake, tukija kutembelewa na mkubwa wa ofisi tunasifiwa: ona, huyu ana maendeleo. Fono ile ile ikikaa kwa karani ni ustaarabu. Ikikaa kwa mama wa maziwa ni wazimu. Nani aliyetupa mizani hiyo? Anayeamka kabla ya jogoo, anayelima, anayekamua, anayezaa na kuzika, ndiye tunayemwambia angoje, afurahi baadaye, akishamaliza mahitaji. Mahitaji hayaishi. Tunamwambia angoje mpaka afe, kwa kifupi.

Na sisi wenyewe hatujui hata kuitumia hiyo furaha. Piteni mtaani kwetu wiki hii ya sikukuu. Kila nyumba imefungulia radio kwa nguvu zote ili jirani ajue kwamba ipo, wimbo unakatwa katikati mtu aonyeshe mwingine, watu wanapiga kelele juu ya gita za Leopoldville kana kwamba mpiga gita ni mtumishi. Tuna diski thelathini na hatujasikiliza hata moja. Yule mama alikuwa na tano, tatu kati yake zimepinda, akazisikiliza kweli.

Tulimzika mvua ikinyesha. Baada ya mazishi wazee wa lupango waliketi, kama ilivyo desturi, kugawa vilivyobaki, nami nikaruhusiwa kukaa pembeni kwa heshima ya kale. Ng'ombe walikwenda kwa wana wake wawili bila neno. Majembe, vyungu, vyombo vya maziwa, vyote vikapata wenyewe. Ikabaki fono, imefunikwa kwa kitambaa chake. Mwana mmoja wa yule shemeki, mtu mzima sasa mwenye ndevu, akasema wazi kwamba sanduku hilo lilinunuliwa kwa ng'ombe wa lupango, kwa hiyo linarudi lupangoni, na yeye yuko tayari kulitunza. Binti wa marehemu, aliyeolewa Kirotshe, alikuwa amesimama mlangoni na mtoto mgongoni. Kwetu binti aliyeolewa hasemi katika kikao kama hicho. Naye akasema, kwa sauti ile ile ya mama yake, isiyopanda: "Ile iko yangu. Mama alinipatia akiwa muzima. Nimekuja kuichukua."

Kila mtu akamgeukia shemeki mzee, ambaye sasa macho yamemwishia na hutembea kwa kushikwa mkono. Ndiye mwenye neno la mwisho katika lupango. Akapapasa fimbo yake. Nilidhani atalipiza, angeweza, sheria yote ilikuwa upande wake, na aliyewahi kumshinda yuko chini ya udongo mbichi. Kisha akasema: "Tulishindwa kuichukua kwa muzima. Tutaichukua kwa maiti? Mupishe mutoto apite."

Binti akamshusha mtoto, akampa mume wake ambebe. Akajitwika fono kichwani, akapita katikati ya wazee, mmoja baada ya mwingine wakivuta miguu kumpa njia, akashika barabara ya kuteremka ziwani. Hakuna aliyemfuata.

Somo langu ni fupi, na sitalipamba. Kilicho cha mama ni cha mama, akiwa hai na akiwa amekufa, kiwe kinazaa au hakizai. Asiyelikubali hilo asije mlangoni kwangu kunitakia Noeli njema.